Ya Baba Ilikuwa Inatembea

9 Februari

Kaka,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na kama kuna mgonjwa basi ni tanuri la kazini: limepasuka matofali mawili ya ndani, mikate inaiva upande mmoja, na mwenye duka anatuambia tuvumilie. Wanao hawajambo? Wifi ameshapata miwani? Shemeji yako anakusalimu, mgongo umemwachia kidogo.

Mzigo umefika. Shemeji yako aliupokea kwa yule dereva wako wa lori na kuupeleka kwa Mama siku hiyohiyo, hata gundi ya karatasi hakuigusa. Mama anashukuru, maana miezi minane bila saa ya Baba si mchezo. Uliichukua kwenda kuisafisha tu, tukadhani umekwenda kuitengeneza upya tangu chuma kikiwa bado ardhini. Unajua tangu macho yake yaingie ukungu, ile saa ndiyo anayoanzia siku. Anaitia ufunguo, anaiweka sikioni, ndipo anashusha miguu kitandani.

Sasa shida yenyewe. Aliiweka sikioni, akaihamishia sikio la pili, akasema, "Hii siyo."

Nikamwambia apapase kasha. Akapitisha kidole, akaukuta ule mkwaruzo mrefu wa siku Baba alipobanwa na mlango wa gari. Akasema kasha ndilo. "Lakini ya baba yenu ilikuwa inatembea. Hii inakimbia." Nikadhani anasema inawahi, nikaipima na redio siku tatu mfululizo. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, nayo ni saa mbili kamili, haipungui wala haizidi. Nikamwambia. Akajibu, "Sijasema inakosea. Nimesema inakimbia." Hebu wewe mtaalamu nisaidie, saa isiyokosea inakimbiaje?

Mwandikie mistari miwili, nitamsomea. Wewe ukisema atatulia. Mimi nikisema naambiwa mikono yangu inajua unga tu.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na moyo umetulia kusikia mu wazima. Huku pia hatujambo. Wifi yako miwani amepata, ila anaivaa kichwani kuliko machoni. Kazi ndiyo ileile: wiki nzima nimening'inia ndani ya shimo la lifti ya jengo moja la ofisi, ghorofa kumi na moja, na wenye ofisi wananiuliza kupitia mlangoni nitamaliza lini.

Nikupe habari njema kwanza. Mwezi wa kumi na moja chama chetu cha wapenda saa kilifanya maonyesho, na saa yangu ile ya kasha la dhahabu ndiyo iliyozungukwa na watu. Saa ya miaka arobaini na ushee, uso wake umeiva rangi ya maziwa yaliyochemka, kasha halina hata alama ya ukucha, na inatembea. Mzee mmoja wa chama, ana saa mia mbili nyumbani, aliishika, akaitazama kwa lenzi yake, akanirudishia bila neno. Kwa mzee yule hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Tangu siku hiyo naivaa kila siku.

Kuhusu Mama. Mwambie nilisafisha kila kigurudumu, mafuta ya zamani yalikuwa yameganda yakawa kama gundi. Saa ikiwa chafu inajikokota, ikisafishwa inachangamka, na sauti nayo inabadilika. Ni kawaida kabisa. Itieni ufunguo mara ishirini asubuhi, msilazimishe. Wewe usiishike ukitoka kazini kabla hujanawa, unga ni sumu kwa saa. Na jambo moja nakusihi: asiifungue mtu. Fundi wa barabarani akishaingiza bisibisi yake humo, saa imekwisha.

Mama ana umri. Mvumilieni.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Hatujambo, tanuri limetengenezwa, tuendelee.

Nilikuomba mistari miwili ya kumsomea Mama. Umeniletea maonyesho, mzee wa saa mia mbili na hotuba kuhusu unga. Hata hivyo nilimsomea kile kipande cha mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mafuta hayaongezi hatua. Mtu akioga haoti mguu wa tatu." Kisha akaniuliza ni nani aliyeupokea mzigo.

Umeona mambo yanakoelekea. Sasa Mama anasema mume wangu ameibadilisha. Kwamba amemwachia kasha, ndani akatoa ya Baba na kuweka nyingine, akaiuza ya Baba. Alimwambia usoni, Jumapili, tukiwa mezani, sahani mkononi. Shemeji yako, unayemjua, mtu asiyeweza hata kutoa betri kwenye tochi. Aliweka sahani chini, akaondoka, na tangu hapo hakanyagi kwa Mama. Ndani ya nyumba yangu naongea na mtu anayenijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nimechoka, kaka. Nimechoka hasa. Nikimtetea mume wangu, Mama ananiambia nimenunuliwa. Nikinyamaza, mume wangu ananiuliza kama na mimi namwona mwizi.

Kuna fundi saa karibu na posta, watu wanamwita Jicho kwa sababu lenzi haimtoki usoni hata anapokula. Amesema kuifungua ni dakika mbili, ataangalia namba ya mashine na atasema kama ni ya wakati mmoja na kasha. Nilikuwa njiani kwenda kwake nikakumbuka uliyoniandikia, nikageuza. Ni saa ya Baba, sitaki niwe mimi niliyeiharibu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na unijibu hili tu. Ile mashine iliyo ndani ni ileile ya Baba, au siyo?

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mafua yaliniweka kitandani, kisha lifti mbili zikagoma siku moja, kisha mtoto wa pili akawa na mitihani. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji, na Mama.

Nimesikitika sana na habari za shemeji. Mtu mwema yule. Mwambie mimi namwamini kwa asilimia mia na wala hahitaji kujitetea kwa yeyote. Mzigo ulifika kama nilivyoufunga.

Kuhusu saa, sijui niseme nini ambacho sijasema. Kasha ni la Baba. Uso ni wa Baba. Mishale ni ya Baba, ule mrefu bado umepinda kidogo kwenye ncha. Kioo nilikiacha kilekile ingawa kina ufa, kwa sababu ni cha Baba. Inaonyesha saa sahihi, wewe mwenyewe umeipima na redio. Sasa mtu anataka nini zaidi? Huyo Jicho wako achana naye. Hao wanaokula na lenzi usoni ndio wanaopoteza skrubu.

Naandika hili kwa uchungu, lakini mtu mzima lazima alitazame. Masikio nayo huzeeka. Mama amepita sabini na nne. Macho yalianza, na sasa pengine ni zamu ya masikio, au ya kichwa. Mtu akianza kumshuku mkwe wake aliyemchotea maji miaka kumi na tano, hapo si suala la saa tena. Mpelekeni kwa daktari. Kama itabidi asikae peke yake, basi asikae peke yake, mimi nitakubaliana na mtakaloamua.

Kaka yako


6 Mei

Kaka,

Barua yako ilifika siku ya kikao cha familia tulichoitisha kuhusu Mama. Shangazi alikuwepo, shemeji yako alikubali kuja kwa sababu nilimwambia umemwandikia vizuri, na Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Shangazi akaniambia niisome kwa sauti, na mimi nikaisoma yote. Sikuruka kitu, hata kile kipande cha masikio na kichwa. Nilifikiri Mama atakasirika. Aliniuliza tu kama wewe ndiye uliyeandika kwa mkono wako, nikamwambia ndiyo.

Kwa daktari tulikwenda Jumatatu. Alimuuliza leo ni siku gani, mwezi gani, mia ukitoa saba inabaki ngapi, ukitoa saba tena. Mama alishuka nazo mpaka mbili, daktari ndiye aliyechoka. Kisha akamuuliza kuhusu saa ya marehemu. Mama akasema siyo yake. Daktari akaandika kitu, na nikakisoma ingawa karatasi ilimwelekea yeye: anashikilia jambo lisilo kweli, asiachwe peke yake na jiko.

Basi tumefanya ulivyokubali. Mama yuko kwangu, chumba cha nyuma, kile nilichokuwa naweka magunia. Nyumba yake tumempangisha mwalimu mmoja mwenye watoto wanne, ametia saini mpaka mwisho wa mwaka. Jiko lake tumelihifadhi. Siku ya kuhama alipita chumba kwa chumba akigusa kuta, na mlangoni akanipa ufunguo kabla sijamwomba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilitaka vita, nikuambie ukweli, maana nimezoea kubishana naye. Hakuna. Shemeji yako amemsamehe na anamletea redio karibu. Saa iko mezani, naitia ufunguo mimi kila asubuhi nikishanawa mikono kama ulivyoagiza. Juzi nikampa aiweke sikioni. Akaisikiliza muda mfupi sana, akanirudishia. Nikamuuliza, "Bado inakimbia?" Akasema, "Labda ni mimi."

Kaka, tumeshinda, sivyo? Basi mbona sijala vizuri tangu juzi? Mama hajawahi kusema "labda ni mimi" tangu nizaliwe, hata pale alipokuwa amekosea waziwazi. Nijibu mapema safari hii, usiniletee mafua.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Barua yako nimeipata leo asubuhi, na najibu nikiwa nimekaa kwenye sanduku la vifaa kazini, nisije nikafika nyumbani nikabadilisha mawazo tena.

Mama yuko sahihi. Mashine iliyo ndani si ya Baba. Ya Baba ninayo mimi, nimeivaa sasa hivi.

Ile saa yangu ya dhahabu niliyokusifia niliipata ikiwa imekufa. Kasha zuri, uso mzuri, lakini kile kigurudumu kinachopepea ndani kilikuwa kimevunjika kiini, na vipuri vyake havipo popote. Nilivitafuta miaka minne. Niliandika barua, nilinunua saa mbovu tatu kwa ajili ya kuzichinja, hakuna. Ni ya kampuni moja na ya Baba, mwaka mmoja na ya Baba. Ulipofika wakati wa maonyesho, zikiwa zimebaki wiki sita, saa ya Baba ilikuwa wazi mezani kwangu, nimeshaisafisha kweli, inapepea kama mpya, ndani ya kasha lililochubuka ambalo hakuna mtu wa chama angeliangalia mara mbili. Nikajiambia ni kwa wiki sita tu.

Kwenye kasha la Baba nikatia mashine ya miaka ya baadaye, ya kampuni ileile. Uso haukukubali kukaa, kwa sababu vijiguu viwili vya nyuma yake havikulingana na matundu. Nikavikata, nikaubandika kwa gundi. Sijamwambia mtu yeyote hilo. Hata ukimuua mtu, baadhi ya watu wa chama watakusikiliza, lakini si ukikata miguu ya uso. Ndiyo maana sikutaka Jicho afungue. Angeiona gundi kabla hajaweka bisibisi chini.

Na kuhusu kukimbia. Mashine ya Baba hupiga mara tano kwa sekunde. Hii hupiga mara sita. Magurudumu ya ndani yamehesabiwa tofauti, kwa hiyo mishale inafika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na redio yako haiwezi kugundua. Mama amesikia pigo moja la ziada ndani ya sekunde. Mimi na lenzi zangu na vyombo vyangu, nikiziweka sikioni nahitaji muda kabla sijajua ipi ni ipi. Alikuambia ukweli mtupu siku ya kwanza, kwa maneno yaliyo sawa kuliko yangu, na mimi nikakuandikia mafuta.

Nilipoandika Aprili, niliorodhesha kila kipande kilicho cha Baba na kuruka kimoja. Nilijiona mwerevu, sikuandika uongo hata mstari mmoja. Kisha nikaandika kuhusu masikio. Saa yenyewe ilikuwa kwenye mkono ulioshikilia karatasi. Sina la kujitetea. Nilifikiri mtabishana mwezi mmoja halafu mtazoea. Sikufikiri mtamhamisha. Hapana, hilo nalo si kweli. Niliandika kwamba asikae peke yake, nikalamba bahasha, nikaenda kula.

Dereva anaondoka kesho. Nampa saa ya dhahabu, yote kama ilivyo. Vunja kasha ukitaka, Jicho atairudisha mashine ya Baba kwenye kasha lake. Lakini kabla ya hapo nakuomba jambo moja. Waite watu walewale wa kikao, Shangazi, shemeji, na ikiwezekana yule daktari. Mpe Mama aisikilize mbele yao. Akisema ndiyo yenyewe, kila mtu atajua hakuwa amepotea. Ukimsomea barua hii, kipande cha kulamba bahasha kiruke.

Kaka yako


8 Juni

Kaka,

Sikuruka kitu. Nilimsomea yote mbele ya shemeji yako, na kipande cha kulamba bahasha nikakisoma mara mbili kwa sababu Mama alisema hakusikia vizuri. Nadhani alisikia.

Nikianza na mimi, nilitamani kupanda lori la yule dereva nije nikushike shati. Nilimtetea mume wangu, nikakutetea na wewe, nikambishia mama yangu mzazi miezi minne kwa kutumia barua zako. Nilikuwa njiani kwenda kwa Jicho, nikageuza kwa sababu kaka amesema. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari. Mimi ndiye niliyeupokea ufunguo. Hilo lako ni lako, lakini hili ni langu na sijui niliweke wapi.

Mama alimwomba shemeji yako radhi hapohapo. Yeye akasema hakuna neno, akatoka nje kukaa kwenye ngazi, na hakurudi ndani mpaka chakula kilipopoa. Kwa mwalimu nimekwenda. Ni mtu muungwana, amenionyesha karatasi yenye saini yangu, ameniuliza watoto wanne awapeleke wapi katikati ya muhula. Kwa hiyo mpaka Desemba Mama atakaa chumba cha magunia, awe na akili zake zote au asiwe nazo.

Saa ilifika Ijumaa. Niliwaita watu kama ulivyotaka. Daktari hakuja, alituma salamu. Nikamwekea Mama saa kwenye kiganja. Hakuiinua. Nikamwambia, Mama, sikiliza tu. Akaiweka juu ya meza, polepole, akaisukuma mpaka ikagusa glasi. Akasema:

"Nikisema ndiyo, mtaniamini kwa sababu mwanangu ameshaandika kwamba ndiyo. Nikisema siyo, mtanirudisha kwa daktari. Sasa sikio langu lina kazi gani hapo?"

Shangazi akambembeleza, akasema ni kwa heshima yake. Mama akamjibu kwamba mitihani amemaliza. Watu wakanywa chai, wakaondoka. Jicho nimemwambia asubiri, na saa zote mbili ziko kwenye droo. Mama hajaulizia hata moja.

Jana nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia. Haya ndiyo aliyosema, nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie saa nimemsamehe. Baba yake angempa bila kinyongo, kama angeomba tu. Lakini mwambie macho yangu yalipoondoka niliyazoea, kwa sababu nilibaki na masikio na nilijua hayanidanganyi. Sasa hata hilo silijui."

Nilimwambia, Mama, si umesikia, ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Akasema, ndiyo, nimesikia.

Leo mchana nilikuwa jikoni, mikono kwenye maji. Mtu akapiga hodi. Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka mlangoni, na mtu akapiga tena, na tena. Nilipotoka nikamkuta amegeuza uso kuelekea mlango, mkono uko kwenye kiti, nusu amenyanyuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anabisha.

Mdogo wako